Maji Waliyoachiwa Ndovu

Isiolo,
Jumapili jioni, nimetoka kisimani sasa hivi

Kwako Baba,

Kabla ya lolote nikujulie hali. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na Mama, kile kifua kimempa nafasi alale? Mimi mwanenu ni mzima, nakula na kulala, hata kitambi kinataka kuanza, ingawa Ekai, Mturkana ninayefanya naye doria, anasema hicho si kitambi, ni maharagwe ya kambini. Nasikia hata huko Ukambani mvua imewaruka na mnakula mahindi ya njano ya msaada kama sisi huku. Niambie ukweli kuhusu ng'ombe, Baba. Usiniandikie ule ukweli wa kumtuliza mtoto.

Barua yako niliipata posta kule mjini. Mistari minne, kama kawaida ya mtu aliyejifunzia kuandika jeshini: redio imesema askari wa wanyama wamepigwa risasi, acha kazi, rudi, shamba lipo. Niliisoma nimesimama pale pale mlangoni, nikacheka, halafu macho yakaniuma. Asante kwa kunijali. Jibu la kurudi au kutorudi nitakupa, lakini kwanza lazima nikueleze jambo nililolifanya miezi michache iliyopita. Nilimpeleka mzee wa watu rumande bila kosa, na katika kumtoa nikalitaja jina lako mbele ya umati. Sitaki ulisikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

Siku niliyowaaga nilisema nakwenda kuchunga vifaru. Mwaka wa kwanza niliwajua mmoja mmoja kwa nyayo. Mmoja tulimwita Chifu kwa sababu hakupenda kukatizwa njia. Leo hakuna hata mmoja. Chifu tulimkuta kwenye korongo amekatwa pua yote, na sikuona haya kulia mbele ya wenzangu. Sasa zamu ni ya ndovu. Majangili wanakuja na bunduki za vita zinazotema risasi mfululizo, sisi tuna zile ambazo wewe ungezitambua tangu siku zako za jeshi. Halafu ukiongeza ukame, wachungaji wamesogea mpaka kwenye mawe meupe ya mpaka wa hifadhi, maana chemchemi ziko upande wetu. Kila siku kazi yangu ni kufukuza ng'ombe waliokonda wa watu waliokonda. Jioni chakula hakishuki vizuri.

Nje ya mpaka, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kambi yetu, kuna kisima cha Mzee Guyo. Ni Mborana, umri kama wako, mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Yeye ndiye hupanga zamu ya kunywesha pale: leo mbuzi wa fulani, kesho ngamia wa fulani, na akishasema hakuna rufaa. Wanawe wa kiume wamehamia mbali na ng'ombe kutafuta majani, kwa hiyo anayeshuka chini ya kisima kujaza madebe ni binti yake, Habiba. Huyo naye ana mdomo, utamwona mbele.

Asubuhi moja mimi na Ekai tulipita pale tukakuta nyayo za ndovu zimelizunguka hori la udongo la kunyweshea mifugo, ambalo wao huliita naniga. Kinyesi kilikuwa bado kibichi na hori limenywewa mpaka likabaki unyevu tu. Jioni nikarudi peke yangu, nikajibanza kwenye vichaka nitazame. Mbuzi wa mwisho alipomaliza kunywa, Mzee Guyo hakufunga kazi. Alimwambia Habiba aendelee kuchota. Debe juu ya debe, wakalijaza hori mpaka ukingoni, na pale hapakuwa na mnyama wa mtu yeyote aliyebaki na kiu. Wakachukua vyombo vyao wakaanza kwenda nyumbani.

Baba, wewe unajua nilichofikiria. Nikiwa bado sijaota ndevu ulinifundisha: usimfuate ndovu, ifuate kiu yake. Kwetu mtu akiona maji yamewekwa mahali pa ndovu, hatafuti ng'ombe, anatafuta mwenye mshale amejificha wapi. Na wiki ile ile tulikuwa tumekuta dume kubwa limelala bila pembe, si mbali na pale. Mkamba mwingine yeyote aliyelelewa nyumba kama yetu angefikiri hivyo hivyo. Nikaona nimelipata lile ambalo mkuu wetu wa kazi alikuwa akitupigia kelele nalo kila siku, nani anawavuta ndovu watoke nje ya mpaka.

Nilitokea na bunduki mkononi. Nikasema, "Mzee, hii maji ni ya nani?"

Alinitazama mimi, akaitazama bunduki. Akainua fimbo kuelekea upande wa hifadhi. "Ni ya hao."

"Hao akina nani?"

Akafungua mdomo anijibu, nami nikamwambia yuko chini ya ulinzi. Hakubisha. Alimpa Habiba fimbo yake na kusema maneno machache kwa Kiborana. Baadaye nilikuja kujua alikuwa anamwambia ni mbuzi wa nani watakaotangulia kesho. Kabla ya kuondoka nikalipiga lile hori teke, halikuvunjika, nikalipiga kwa kitako cha bunduki mara tatu mpaka likapasuka na maji yote yakamezwa na mchanga. Naona aibu kuiandika habari hii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mkuu wetu alinisifu kwenye gwaride. Mzee akapelekwa mjini, akashtakiwa kwamba anasaidia majangili, akawekwa rumande angoje kesi. Mimi nikaahidiwa utepe wa koplo. Nilitembea kifua mbele siku tatu nzima, Ekai akawa ananipigia saluti kila nikipita kwenda chooni.

Siku ya nne Habiba akaja kambini kwa miguu. Hakutusalimia, na watu hawa, Baba, hawakunyimi salaam aleikum hata kama umewakosea. Alisimama mbele yangu akasema, "Wewe umevunja naniga ya watu. Kuja uone kazi yako."

Ekai na mimi tukaenda naye.

Ndovu walikuwa wamekuja kunywa kama walivyozoea, hawakukuta hori. Wakasikia harufu ya maji chini. Wakasukumana pale mdomoni mwa kisima mpaka ukingo ukabomoka, na mtoto wao akatumbukia ndani. Alikuwa bado hai, ametapakaa tope mpaka masikioni, analia sauti nyembamba ambayo huwezi kuamini ni ya ndovu. Mama yake na wengine wanne walikuwa wamesimama kwenye migunga, masikio wameyatandaza. Upande wa pili walikuwa watu wa manyatta zote za pale na mbuzi wao. Mbuzi walikuwa hawajanywa tangu jana yake. Na kabla ya hapo watu walikuwa wameshashikana mashati juu ya zamu, kwa sababu mwenye kupanga hayupo.

"Babu yangu aliachia ndovu maji," Habiba akasema, "na baba yangu anaacha. Ndovu akikunywa hapo juu, hatafuti huku chini, kisima inabaki salama. Tena kiu ni kiu, hata ya mnyama. Ungengoja kidogo tu baba angekwambia. Kwani kuuliza ni ujinga?"

Nilifikiri sasa wataniambia nimpige yule mtoto risasi, avutwe kwa kamba, kisima kisafishwe na mbuzi wanywe. Nilikuwa tayari kukubali, na hakuna mtu ambaye angewalaumu. Lakini wakazungumza kidogo wao kwa wao, kisha wazee na kina mama wakaanza kuubomoa ukingo wa upande mmoja kwa majembe na kwa mikono, wakitupa ndani udongo, mawe na matawi, ili mtoto apate mteremko wa kupandia. Ekai akasimama kati yetu na kundi, kila mama ndovu akija anapiga risasi moja hewani, mama anarudi nyuma hatua chache, anaanza tena. Mimi nikavua shati la serikali nikachimba. Tulichimba tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini.

Alipanda mara mbili akateleza. Mara ya tatu akatoka, akakimbia kwa mama yake, akaanguka kifudifudi njiani, akainuka. Watu wakacheka, Baba. Watu ambao mbuzi wao walikuwa wamelala chini kwa kiu walicheka kwa furaha. Wale niliowaita majangili walikuwa wamefukia kisima chao wenyewe kumwokoa mnyama ambaye mimi nalipwa mshahara kumlinda. Nilikaa chini kwenye tope lile. Siku hiyo hiyo ilibidi tufungue mpaka kwa jina langu, wakapeleke mbuzi wao kwenye chemchemi. Hilo nalo nililijibia baadaye.

Kesi ilikuwa Jumatatu. Nikaenda kwa mkuu wetu nikamweleza yote. Si mtu mbaya, vijana wake wanauawa na wakubwa wake wanataka kuona amekamata mtu. Akaniambia, "Kioko, juzi ulileta mshtakiwa, leo unaleta huruma. Ukisimama kortini useme ulikosea, usiniulize tena habari ya utepe. Hata kazi yenyewe sijui." Nikaifikiria barua yako ya kwanza ya mwaka ule nilipoajiriwa, uliyosema hatimaye kuna mtu wa ukoo wetu anayelipwa na serikali badala ya kufungwa nayo. Nikafikiria nikifukuzwa nitaingia nyumbani na uso gani.

Lakini pia nilikumbuka siku walipokuja kukuchukua. Mama alisimama katikati ya uwanja, mikono ikining'inia, tukamwita aje kula, hakuja, akasimama pale mpaka jua likazama. Habiba alikuwa amesimama hivyo hivyo jioni ile nilipoondoka na baba yake. Nilikuwa nimemwona, nikajifanya sikumwona.

Basi nikaenda. Korti ilijaa, jamaa zake wa mitaa ya Wabera na Chechelesi pale mjini, na wengine wa kutoka Kulamawe waliokuja juu ya lori la magunia. Mzee Guyo alisimama kizimbani wima, amekonda kidogo. Nilipoitwa nikasema kwamba nilikosea, mzee huyu hana hatia, na nikaeleza habari ya hori na kisima. Hakimu akavua miwani. Akaniuliza, askari mzoefu kama wewe, ni nini kilichokufanya uone maji ukafikiria ujangili?

Ningeweza kusema uongo mdogo. Nikasema hivi: "Mheshimiwa, baba yangu alikuwa mwindaji wa ndovu na alifungwa kwa ajili hiyo. Alikuwa anawavizia kwenye maji. Mimi nilipoyaona yale maji nilimwona baba yangu. Huyu mzee sikumwona."

Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," na baadhi wakacheka. Mzee Guyo akageuka akamtazama aliyesema, kicheko kikakatika.

Ndivyo nilivyokutaja, Baba. Miaka yote hii nyumbani hatujalisema neno hilo kwa sauti, tunasema tu "wakati ule Baba alipokuwa mbali". Mimi nimelisema mbele ya Waborana, Wasomali, Wameru na makarani wa korti. Nisamehe. Ningepata njia nyingine ya ukweli ningeipitia.

Walimwachia siku ile ile. Nje ya korti nilimfuata nikaanza kumwomba msamaha, maneno marefu niliyokuwa nimeyapanga tangu kambini. Hakunipa nafasi ya kuyamaliza.

"Kisima imejaa udongo," akasema. "Siku yako ya kupumzika ni gani?"

"Jumapili, Mzee."

"Basi kuja Jumapili. Mungu wako ataelewa."

Hiyo ndiyo faini niliyopigwa, na Mama asisomewe kipande hiki kwa sababu ya kanisa. Jumapili zote tangu hapo niko kisimani. Tumezibua, tumejenga ukingo upya kwa mawe, tumefinyanga hori jipya kwa udongo wa kichuguu. Wakati wa kuchota tunasimama mmoja juu ya mwingine kwenye ngazi za kisima, debe linapanda mkono kwa mkono huku watu wakiimba, na mimi wananiweka chini kabisa na Habiba, ambaye kila debe likichelewa husema serikali imechoka. Nimewashukuru watu wengi maishani, lakini hawa nawashukuru kila siku. Wangeweza kunitemea mate. Wamenipa maziwa ya ngamia na mahali pa kusimama kwenye mstari.

Utepe sikupata. Mkuu aliniweka langoni mwezi mzima kuwafungulia watalii, kazi ya kusema "jambo" mpaka taya zinauma. Nikarudishwa porini mwezi ulipokwisha, na nimebakizwa huko kwa sababu moja. Alasiri moja Mzee Guyo alikuja mwenyewe kambini, akakataa chai, akasema ameona nyayo za viatu vya watu asiowajua zikiingia kwenye korongo la mawe mekundu, watu sita au zaidi, wamebeba vitu vizito. "Mwambie Kioko kesho asipite pale." Korongo lile ndiyo njia yetu ya doria, Baba. Kesho yake tulikuwa tupite pale mimi, Ekai na wengine wawili, kwa mstari mmoja, kama kuku. Mkuu alimsikiliza. Tukazungukia upande wa juu na askari wa kuongezwa, wale watu wakatuona wakakimbia, wakaacha bunduki mbili na mashoka ya kukatia pembe. Mahali walipolala walikuwa wamejipanga juu ya mawe pande zote mbili za njia, wakitungoja. Ndiyo maana leo unasoma mwandiko wangu na si barua ya rambirambi kutoka kwa mkuu wetu.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kurudi ni hili: bado, Baba. Shamba nalipenda na nyinyi nawapenda zaidi. Lakini nimeona hapa kwamba ndovu analala kwetu ndani ya mawe meupe na anaishi kwa wema wa watu wa nje, na kati ya sisi askari na hao watu kwa muda mrefu hapakuwa na mtu wa kutembea katikati. Sasa nipo mimi, na wananijua kwa jina. Nikiondoka leo, atakayekuja ataanza kwa teke kama nilivyoanza mimi.

Msalimie Mama, umwambie shuka alilonishonea ndilo ninalojifunika huku kwenye baridi ya alfajiri. Msalimie dada yangu mkubwa na mume wake fundi wa baiskeli, nyanya kama bado anatania watu wanaokuja kumwamkia, na mjomba wa mizinga, umwambie huku asali wanaitaka sana lakini hawana mtu mwenye subira kama yake. Ekai anakusalimu, anasema anataka kumwona mtu aliyenifundisha nyayo. Mzee Guyo pia anakusalimu, na yeye amenipa swali.

Leo tulipomaliza kuchota tulikaa kwenye kivuli tukinywa chai ya maziwa. Akaniuliza, kwa upole tu, "Baba yako, alikuwa anawinda kwa nini?" Nikamwambia sijui. "Hukumuuliza?" Nikasema hapana. "Na hao waliomfunga, hawakumuuliza?" Nikasema sidhani. Akanimiminia chai nyingine.

Nimetembea njia yote kurudi kambini nikilifikiria. Nakumbuka mwaka ule ulikuwa wa njaa kama huu. Nakumbuka watoto wa jirani wakichimba mizizi, na sisi kwetu kulikuwa na uji kila asubuhi. Niliunywa, nikashiba, nikaenda kucheza. Baba, ule uji ulitoka wapi? Niandikie mwenyewe, kwa urefu wowote utakaotaka. Nimechelewa sana kuuliza, lakini safari hii nitangoja mpaka umalize.

Ni mimi mwanao anayekushukuru,
Kioko